Pengo na Saa

Methanoli haina haraka. Mtu anaweza kuinywa saa mbili usiku, akapiga soga na wenzake, akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, akalala, akaamka na uzito wa kichwa ambao amekwisha kuuzoea. Hakuna cha kumtisha. Maumivu ya tumbo, kutapika, pumzi za kasi na macho kuingiwa na ukungu huja baadaye, mara nyingi kati ya saa 12 na 24 tangu alipokunywa. Kama ndani ya chupa ile mlikuwa pia na pombe ya kawaida, dalili huchelewa zaidi ya hapo. Katika muda huo wote damu yake inabadilika, na kipimo kilekile kikichukuliwa alfajiri na kikarudiwa usiku unaofuata kitatoa majibu mawili yanayokinzana.

Kipimo hicho madaktari hukiita pengo la osmola. Ni hesabu fupi ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza, na nadhani wepesi wake ndio unaofanya iaminiwe kupita kiasi. Nitakayoyatetea katika sura hii ni haya: pengo la osmola humsaidia sana daktari anayejua mgonjwa alikunywa lini, na humpoteza vibaya yule ambaye hakuuliza.

Si habari ya mbali. Mei 2014, watu wapatao 341 walidhurika kwa methanoli nchini Kenya, katika kaunti za Embu, Kitui, Makueni, Kiambu na nyinginezo, na takriban 100 wakafariki. Julai mwaka huohuo ukazuka mkasa mwingine: waliodhurika 126, waliofariki 26. Mwaka mmoja kabla, Machi 2013, hospitali za Tripoli nchini Libya zilipokea wagonjwa 1,066 wa sumu hiyohiyo, na 101 hawakupona. Wakazi wa Nairobi wenye umri watakumbuka Novemba 2000 katika vibanda vya Mukuru, ambako kinywaji kilichoitwa kumi kumi kiliua zaidi ya watu 100 na kuwaacha wengine vipofu. Februari 2024 ikawa zamu ya kijiji cha Kangai, Kirinyaga.

Kila mara mkasa kama huu unapotokea, lawama humwangukia mama pima, muuzaji wa pombe ya kienyeji, na chungu chake. Hapo pana dhuluma kidogo. Nafaka au sukari ikichachushwa na kukenekwa hutoa ethanoli, yaani pombe yenyewe, pamoja na chembe kidogo mno za methanoli ambazo haziwezi kuua kijiji kwa usiku mmoja. Watu wanapokufa kwa makumi, karibu kila mara kuna mtu aliyemimina methanoli ya kiwandani: ile inayotumika kuyeyushia rangi na kusafishia mitambo, ambayo ni rahisi, haina rangi, na kwa pua na ulimi huwezi kuitofautisha na pombe. Mwaka 2014 sehemu ya vinywaji vilivyoua ilikuwa ndani ya chupa zenye lebo.

Methanoli yenyewe ni kileo dhaifu. Ubaya wake uko kwenye kile ambacho mwili huigeuza kuwa. Ini lina kimeng'enya kinachovunja pombe. Kikikutana na methanoli huigeuza kuwa fomaldehaidi, na punde kimeng'enya cha pili huigeuza fomaldehaidi kuwa asidi ya fomiki. Asidi hii huzuia seli kutumia oksijeni. Mishipa ya fahamu ya macho haivumilii hali hiyo, wala sehemu fulani za ndani ya ubongo, na ndiyo maana mtu anaweza kunusurika kifo akabaki haoni, au akabaki na mwendo wa kukakamaa. Kimeng'enya kile cha kwanza, kikipewa ethanoli na methanoli kwa pamoja, huishughulikia ethanoli kwanza na kuiacha methanoli ikisubiri. Jambo hilo moja linaeleza kwa nini pombe safi ya hospitali ni dawa ya sumu hii, kwa nini mchanganyiko huchelewesha dalili, na kwa nini kipimo chetu kina vigeugeu vingi hivyo.

Kama maabara ingekuwa na uwezo, daktari angeagiza kiasi cha methanoli kwenye damu kipimwe moja kwa moja, na mjadala ukaishia hapo. Mashine za kromatografia zinazofanya kazi hiyo ziko kwenye maabara chache za rufaa, za serikali na za vyuo, na sampuli ikisafirishwa jibu huenda likarudi mgonjwa amekwisha kuzikwa. Hata katika nchi tajiri, hospitali nyingi hazipati jibu hilo usiku. Kwa hiyo daktari hupita njia ya kuzunguka.

Lori linatoka bandari ya Mombasa likiwa na hati inayoorodhesha kila kilichopakiwa. Likifika mizani ya Mariakani linapimwa, na uzito wa mizani hulinganishwa na uzito wa hati. Ukizidi, kuna kitu ndani ambacho hakikuandikwa. Mizani haisemi ni kitu gani, na kama dereva alikwisha kukishusha Mazeras, haisemi lolote. Pengo la osmola ni tofauti ya aina hiyo, kati ya kilichopimwa kwenye damu na kilichotarajiwa kwa hesabu. Lakini mashine ya damu haipimi kilo. Inahesabu vipande, yaani idadi ya chembe zilizoyeyuka katika kila kilo ya maji, ziwe kubwa au ndogo, na idadi hiyo ndiyo inayoitwa osmolaliti.

Namna inavyohesabu inapendeza. Maji safi huganda kwenye nyuzi sifuri za Selsiasi. Yakiwa na chumvi au kitu kingine kilichoyeyuka, huganda kwenye baridi kali zaidi, na kila chembe inayoongezeka huishusha nyuzi hiyo kwa kiasi kilekile. Seramu ya mtu mwenye afya, yenye miliosmoli 290 hivi kwa kilo, huganda kwenye nyuzi 0.54 chini ya sifuri. Mashine hupoza tone dogo la seramu, hulitikisa ligande ghafla, husoma joto la kuganda, kisha huligeuza kuwa idadi. Tone lenye methanoli nyingi linaweza kuganda kwenye nyuzi 0.65 chini ya sifuri. Uamuzi wa kumpeleka mtu kwenye dialisisi unaweza kuegemea sehemu ya kumi ya nyuzi moja.

Kuna mashine ya aina nyingine inayopima mvuke badala ya kugandisha. Ni nzuri kwa kazi nyingi, ila kwa kazi hii haifai hata kidogo, kwa sababu methanoli na ethanoli zenyewe hugeuka mvuke na mashine haizihesabu. Mgonjwa mwenye methanoli tele atatoka humo na pengo la kawaida. Daktari anayeletewa jibu la osmolaliti ana haki, na nadhani ana wajibu, wa kuuliza limetoka kwenye mashine ipi. Aulize pia damu ilivutwa kwenye chupa gani: ile yenye kifuniko cha zambarau, inayotumika kuhesabia seli za damu, ina kemikali ya kuzuia kuganda ambayo yenyewe ni chembe zilizoyeyuka, na inaweza kuongeza miliosmoli kadhaa ambazo mgonjwa hakuja nazo.

Upande wa hati ni hesabu ya mezani. Vitu vitatu hubeba karibu chembe zote zinazojulikana katika damu: sodiamu pamoja na wenzake wenye chaji hasi, sukari, na yurea. Kwa hiyo sodiamu inazidishwa mara mbili, ili kuhesabu na wale wenzake, kisha inajumlishwa na glukosi na yurea, vyote kwa milimoli kwa lita. Maabara inayotoa majibu kwa miligramu kwa desilita hugawa glukosi kwa 18 na naitrojeni ya yurea kwa 2.8. Kuna fomula nyingine nyingi zilizochapishwa, baadhi zikiwa na desimali za kuvutia. Sioni kama zimemwokoa mgonjwa ambaye hii ya kawaida ingempoteza. La muhimu ni hospitali kuchagua moja na kubaki nayo.

Tumchukue mgonjwa wa kubuni. Alikunywa Jumamosi saa mbili usiku, na kwa ajili ya hesabu tuseme alikunywa methanoli tupu. Ndugu zake wanamfikisha hospitali saa nane usiku, saa sita tangu kunywa. Sodiamu ni 140, glukosi 5, yurea 5. Mara mbili ya 140 ni 280. Jumlisha, unapata 290. Mashine inasoma 352. Pengo ni 62. Kila chembe ya methanoli ina uzito wa molekuli wa 32, kwa hiyo 62 mara 32 inakaribia miligramu 2,000 kwa lita, sawa na 200 kwa desilita. Kiwango ambacho madaktari wengi hukichukua kama mpaka wa kuanza tiba ni miligramu 20 kwa desilita. Huyu ana mara kumi ya hapo.

Ukimtazama, lakini, amelewa kidogo tu. Anajibu maswali. Bikaboneti yake, inayopungua damu inapoingiwa na asidi, ni 24, kama yako na yangu. Asidi ya fomiki bado haijarundikana. Daktari anayejua kwamba sumu ya methanoli hujulikana kwa asidi ataiona bikaboneti hii na kumruhusu akalale nyumbani.

Sasa tuseme ndugu hawakumleta usiku ule. Wanamleta Jumapili saa nane mchana, saa 18 tangu kunywa. Ini lisilozuiwa na dawa yoyote hupunguza methanoli kwa takriban miligramu 8.5 kwa desilita kila saa, yaani milimoli 2.7 hivi kwa lita. Kwa hiyo pengo limeshuka hadi karibu 30, na bikaboneti imeanguka hadi 12. Anapumua kwa kasi, tumbo linamkata. Huyu hahitaji bingwa wa kumtambua. Vitabu vingi vya kufundishia humpenda mgonjwa wa saa nane mchana, mwenye pengo kubwa na asidi kali kwa pamoja, na wanafunzi humkariri hadi wakadhani wagonjwa wote hufika saa hiyo.

Tusogeze tena. Wanamleta Jumapili saa nne usiku, saa 26 tangu kunywa. Pengo limebaki 9. Bikaboneti ni 5, damu imechachuka mno, mboni za macho zimepanuka na haziitikii tochi. Methanoli karibu yote imekwisha kugeuzwa. Aliyefundishwa kwamba pengo chini ya 10 ni la kawaida ataandika kwenye faili kwamba methanoli haipo, na kwa maana finyu atakuwa amesema kweli. Mzigo ulishushwa Mazeras.

Msomaji makini atauliza: hiyo asidi ya fomiki nayo si chembe? Mbona haihesabiki? Inahesabika, ila imekwisha kuandikwa kwenye hati. Kila asidi ya fomiki inapoingia kwenye damu, sehemu yake ya asidi huiteketeza bikaboneti moja, na fomati iliyobaki huchukua nafasi ya bikaboneti hiyo pembeni ya sodiamu. Sodiamu ilikwisha kuzidishwa mara mbili kwa ajili ya mwenzake, awe nani. Idadi ya chembe haibadiliki, pengo halioni chochote. Kinachoiona fomati ni pengo jingine, la anioni: sodiamu ukitoa kloridi na bikaboneti. Hilo huanza dogo na kupanda kadiri la osmola linavyoshuka. Kwa muda fulani katikati yote mawili yako juu. Mwanzoni na mwishoni moja tu ndilo lililoinuka, na anayeagiza kimoja bila kingine huona nusu ya mwendo.

Tatizo la pili linatokana na neno kawaida. Mwaka 1993 Robert Hoffman na wenzake wa New York walichapisha vipimo vya watu wasio na sumu hizi na kuonyesha kwamba pengo la kawaida huanzia hasi 14 hadi chanya 10, wastani ukiwa hasi 2. Wengi walisoma namba ya mwisho, 10, wakaifanya mpaka. Namba inayonisumbua mimi ni ile ya kwanza. Mtu ambaye siku zote pengo lake ni hasi 10, akinywa methanoli hadi pengo likafika chanya 8, ameongezewa milimoli 18 kwa lita. Hiyo ni miligramu 58 kwa desilita, karibu mara tatu ya mpaka wa tiba, na karatasi ya maabara itasomeka sawa. Kwa kuwa hakuna anayepima pengo lake akiwa mzima, hatujui alianzia wapi. Ongeza kwamba sodiamu inayozidishwa mara mbili huzidishwa pamoja na kosa lake: maabara ikikosea milimoli 2 tu, pengo linasogea 4.

Ndiyo maana wataalamu wa sumu wengi hukubaliana kwamba pengo kubwa sana, kwa mfano juu ya 50, lina uzito wa ushahidi, ilhali pengo dogo halimwondolei mtu shaka. Kati ya hapo ni eneo la kubahatisha. Wapo wanaotaka kipimo kiachwe kabisa kwa sababu hiyo. Siungani nao, kwa kuwa katika hospitali isiyo na kromatografia kukiacha ni kubaki na macho na stethoskopu tu. Lakini naelewa hasira yao wanapoona mtu ameruhusiwa kwa sababu ya pengo la 9.

Ethanoli nayo huleta vurugu zake. Nayo ni chembe ndogo, na mlevi wa kawaida kabisa ana pengo kubwa. Ikipimwa peke yake, inaweza kuondolewa kwenye hesabu: miligramu kwa desilita ukigawa kwa 4.6 unapata milimoli kwa lita, na tafiti zimependekeza kuzidisha tena kwa 1.25 kwa sababu ethanoli huongeza osmolaliti zaidi kidogo kuliko hesabu tupu inavyodai. Mtu mwenye pengo la 50 na ethanoli ya 100 atabakiwa na 23 ambayo haijaelezwa. Kama hospitali haiwezi kupima ethanoli, pengo la 50 la mtu anayenuka pombe halina maana iliyo wazi. Na hapa hatari imejificha zaidi, maana maadamu ethanoli ipo, methanoli haiguswi. Saa zinapita, asidi haionekani, mgonjwa ni mchangamfu. Ethanoli ikiisha ndipo saa ya methanoli inapoanza kuhesabu. Kwa mtu aliyekunywa mchanganyiko, saa 26 zinaweza kuwa kama saa sita.

Swali la muda basi haliepukiki, na si rahisi kulijibu. Mgonjwa wa aina hii mara nyingi amekunywa kwa siku mbili au tatu mfululizo, kutoka kwa wauzaji tofauti. Akiulizwa na muuguzi, "Baba, mara ya mwisho kunywa ilikuwa lini?", anaogopa kwamba jibu litafika polisi, au mkewe amesimama pale. Wenzake waliokunywa naye ndio wenye kumbukumbu nzuri, kama bado wana fahamu. Katika mkasa wa watu wengi, mgonjwa wa kwanza kutambuliwa anaweza kuwaokoa wa nyuma yake kwa jambo moja, kutaja alikunywa na nani: wale bado wako nyumbani wakijiona wazima, wakiwa katika zile saa ambazo pengo ni kubwa na tiba ni rahisi.

Pengo huinuliwa na mambo mengine pia. Kisukari kilichopanda hadi damu ikajaa ketoni, mlevi sugu ambaye hajala kwa siku kadhaa, figo zilizoshindwa, mshtuko wa mwili wenye asidi ya laktiki, dawa ya manitoli iliyochomwa kupunguza uvimbe wa ubongo: vyote huweza kuliongeza pengo kwa kiasi, mara chache kufikia makumi mengi. Mafuta au protini zikizidi sana kwenye damu, mashine nyingine husoma sodiamu kuwa chini kuliko ilivyo, na pengo la uongo huzaliwa. Kwetu sisi kuna malaria kali, ambayo nayo huleta asidi na pumzi za kasi. Kuipata kwenye hadubini hakumaanishi kwamba mgonjwa hakunywa kitu.

Na si kila sumu ya jamii hii huonekana kwa urahisi sawa. Kwa sababu mashine inahesabu vipande, sumu yenye molekuli nzito hutoa vipande vichache kwa gramu ileile. Gramu moja ya methanoli katika lita ya damu huongeza pengo kwa 31. Gramu moja ya ethilini glaikoli, iliyomo kwenye kulanti ya rejeta na yenye uzito wa 62, huongeza 16. Gramu moja ya daiethilini glaikoli huongeza 9 tu. Hii ya mwisho ndiyo iliyokuwa kwenye dawa iliyoua watu zaidi ya 100 Marekani mwaka 1937, na ilitajwa pamoja na ethilini glaikoli mwaka 2022 watoto wapatao 70 walipofariki nchini Gambia baada ya kunyweshwa dawa za maji, figo zao zikiwa zimezimika. Mtoto anaweza kuuawa nayo pengo lake likiwa ndani ya mipaka ya kawaida tangu mwanzo hadi mwisho. Spiriti ya isopropanoli, iliyomo kwenye baadhi ya vitakasa mikono, ni kinyume: pengo hupanda sana, asidi haiji, maana mwili huigeuza kuwa asetoni, na wengi hupona kwa kuangaliwa tu.

Hospitali nyingi za wilaya na kaunti hazina mashine ya kugandisha seramu. Huko daktari husoma saa kwa mwili wa mgonjwa. Anayepumua kwa kina na kasi ilhali mapafu ni safi na sukari ni ya kawaida, anayesema anaona weupe, na aliyetoka mahali ambapo wengine wawili wameugua, anatosha kuanzishiwa tiba kabla ya namba yoyote. Tafiti zilizojumuisha wagonjwa wa nchi kadhaa zimeonyesha ni nini huashiria kifo: damu yenye pH chini ya 7.00, kupoteza fahamu, na mwili ulioshindwa kuongeza kasi ya pumzi licha ya asidi. Watafiti wa Oslo, akiwemo Knut Erik Hovda aliyeshughulikia mikasa kadhaa ya methanoli, wamekuwa wakitengeneza kipimo cha tone la damu kinachoitafuta fomati yenyewe. Kingemfaa sana mgonjwa wa saa nne usiku, ambaye pengo limemtupa. Yule wa saa nane usiku, ambaye bado hana fomati, kitamkosa, na kwake mashine ya kugandisha itabaki bora.

Tiba yenyewe ni kukizuia kile kimeng'enya cha kwanza, kuipunguza asidi kwa bikaboneti, kutoa folati inayosaidia mwili kuiondoa fomati, na kusafisha damu kwa dialisisi inapowezekana. Kizuizi bora ni fomepizoli, iliyoingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2013, lakini bei yake imeifanya iwe adimu katika nchi zinazoihitaji zaidi. Ethanoli ya hospitali hufanya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo na usumbufu mkubwa: kiwango chake kwenye damu lazima kilindwe karibu na miligramu 100 kwa desilita, kikishuka kinga inakatika, kikipanda mgonjwa anazimia. Si kazi ya kufanyia nyumbani na chupa ya dukani.

Mara kimeng'enya kinapozuiwa, pengo linabadilika tabia. Methanoli haina tena njia ya kugeuka. Inatoka kwa pumzi na mkojo polepole, nusu yake ikihitaji takriban saa 54, au kwa dialisisi, ambayo hutoa nusu kwa saa tatu hivi. Pengo likishuka sasa, methanoli inatoka kweli mwilini badala ya kugeuka asidi, na daktari asiye na kromatografia anaweza kulipima kila baada ya saa chache ili ajue asimamishe mashine lini. Aliyetumia ethanoli kama dawa ana kazi zaidi. Ethanoli hiyo nayo imo ndani ya pengo, dialisisi inaichukua pamoja na methanoli, kipimo chake lazima kiongezwe mgonjwa anapokuwa kwenye mashine, na kila hesabu mpya inabidi ianze kwa kuitoa.